Vidogo Vyenye Amri: Mafunzo Niliyopata Nikitafsiri Vitenzi Visaidizi vya Kiingereza

Neno gumu la kitaalamu halinisumbui. Lina kamusi yake, na kamusi ikishindwa kuna daktari au mhandisi wa kumpigia simu. Yanayonikalisha mezani hadi chai inapoa ni yale ya silabi moja: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will", "would". Tisa tu, pamoja na jamaa zao wachache kama "have to", "need" na "ought to".

Najipatia riziki kwa kutafsiri mikataba, fomu za hospitali na miongozo ya miradi, na kwa kufanya ukalimani kwenye vikao ambako wafadhili wamekaa upande mmoja wa meza na kamati ya kijiji upande wa pili. Jioni nafundisha watu wazima Kiingereza cha kazini. Kote huko nakutana na tisa hao hao.

Shuleni wengi wetu tulichorewa ngazi ubaoni: "must" juu kabisa, chini yake "should", kisha "can" na "may", na "might" imejikunyata kwenye kipandio cha mwisho. Ngazi ile si uongo, ila inajibu swali moja tu: neno lipi lina nguvu kuliko jingine. Kazini nimeona kwamba swali linaloamua pesa na kesi ni tofauti na hilo. Nani yuko nyuma ya neno hili, na amejifunga kwa kiasi gani? Haya ndiyo yaliyonifikisha hapo.

1. Kwanza uliza: anaamuru au anakisia?

Mwanafunzi wangu mmoja wa jioni, dereva wa malori, alitafsiri mazungumzo ya filamu ya upelelezi. Inspekta anatazama damu sakafuni na kusema, "He must be dead." Mwanafunzi akaandika: "Lazima afe." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akabaki na kamusi yake mkononi akiuliza kosa liko wapi, maana kamusi ilikuwa upande wake. Filamu ilikuwa imepata muuaji mpya, naye ni inspekta mwenyewe.

Karibu kila kitenzi katika hivi tisa kina nyuso mbili. Uso mmoja unahusu amri, ruhusa, wajibu na uwezo. Mwingine unahusu akili ya msemaji: ana hakika kiasi gani na jambo analolisema. "You must wear a helmet" ni amri. "You must be tired" haimwamuru mtu achoke. Msemaji ameona macho mekundu akakisia. "May" ni vivyo hivyo: "You may go" inatoa ruhusa, "It may rain" haimruhusu mtu yeyote chochote.

Kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili kina dawa ya jambo hili tayari, nayo ni ile -ta- tunayoiita ya wakati ujao. Mtu akibisha hodi saa ya magharibi tunasema, "Huyo atakuwa Juma." Hatuzungumzii kesho; Juma yuko mlangoni sasa hivi. "Atakuwa amekufa," ndivyo inspekta wetu angesema. "Utakuwa umechoka." Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa "will": "That will be the postman." Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua wakati ujao na kuufanya chombo cha kukisia, na ukimwonyesha mwanafunzi hilo mara moja hatarudi tena kwenye "lazima afe".

Kuna jaribio dogo ninalotumia. Weka "nina hakika kwamba" mbele ya sentensi. Ikikaa vizuri, ni kisio, na "lazima" haina kazi hapo. Jambo moja zaidi: kinyume cha "must" ya kukisia si "mustn't". Taa zimezimwa, mlango una kufuli, Mwingereza husema "He can't be at home." Ukisema "He mustn't be at home," msikilizaji wako atajiuliza huyo bwana amefukuzwa kwake na nani.

2. Ukanushi ndio wenye hatari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Bila ukanushi, "must" na "have to" hukaribiana mno. "You must pay", "you have to pay": ulipe tu. Zikanushe uone zinavyoachana. "You must not pay" inakukataza kulipa. "You don't have to pay" inakuondolea deni. Ukipenda kulipa, lipa. Ya kwanza inazuia tendo, ya pili inaondoa ulazima. "Need not", ambayo utaikuta zaidi kwenye Kiingereza cha kizamani au cha maandishi rasmi, iko upande wa pili. Karatasi moja ya dawa yaweza kukuambia kwamba dawa "need not be taken with food" na kwamba "must not be taken with alcohol". Mfasiri akizipa zote mbili "usinywe", mgonjwa atakaa na njaa bila sababu. Akizipa zote mbili "si lazima", mgonjwa atakwenda baa.

Mpaka hapo utasema Kiswahili kiko salama, kwa kuwa tuna "si lazima" upande mmoja na "usi-" upande mwingine. Kingekuwa salama kama tungetumia "lazima" peke yake. Ila waandishi wa nyaraka hupenda "kupaswa" na "kutakiwa", kwa sababu zinasikika za heshima, na hizo zina tabia yake. "Unapaswa kulipa" ni wajibu. Ikanushe: "Hupaswi kulipa." Mswahili anasikia nini? Anasikia katazo. Mlinzi akikuambia "hutakiwi kuingia humu," hutamwelewa kuwa anakuachia uamuzi.

Sasa chukua sentensi inayokaa katika karibu kila fomu ya ridhaa ya utafiti wa kitabibu: "You do not have to take part in this study." Tangu Kanuni za Nuremberg za 1947, hiari ya mshiriki ndiyo sharti la kwanza la utafiti wowote unaofanywa kwa binadamu, na sentensi hiyo ndiyo inayoibeba. Nimewahi kuletewa rasimu iliyoitafsiri hivi: "Hutakiwi kushiriki katika utafiti huu." Tuliisoma kwa majaribio mbele ya akina mama kwenye kliniki, na mmoja wao, mtu mzima, akakunja fomu akaniuliza kwa upole, "Kama sitakiwi, mwanangu, mmeniitia nini?"

Hakuna mtaalamu wa lugha aliyeikosoa rasimu ile vizuri kuliko mama yule. Tukaandika: "Si lazima ushiriki. Una hiari ya kukubali au kukataa, na ukikataa utaendelea kupata matibabu yako kama kawaida."

Kiingereza chenyewe kina mfano wa "hupaswi", nao ni "shouldn't". Ukiambiwa "You shouldn't go", si kwamba msemaji amekosa ushauri wa kukupa, amekushauri usiende. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi: "should" iwekeni jirani na "kupaswa", "must" na "have to" ziwekeni jirani na "lazima", na mkifika kwenye ukanushi "must not" peke yake ndiyo ihame nyumba, iende kwenye "usi-".

3. "May not" ni milango miwili yenye kibao kimoja

"Staff may not use this gate." "Staff may not come tomorrow." Sentensi ya kwanza inakataza, ya pili inabahatisha. Kiingereza cha kuzungumza hutofautisha kwa sauti. Karatasi haina sauti. Kiswahili hapa kimejaliwa: "hawaruhusiwi kutumia lango hili" na "huenda wasije kesho" haziwezi kuchanganywa hata na mtu aliyesinzia. Katika mikataba na sheria "may not" ni katazo karibu mara zote. Katika taarifa za hali ya hewa na barua za marafiki ni bahati nasibu.

Walimu wa zamani walitutesa kwa "Can I go out?" wakitaka "May I go out?", na wengine walijibu kwa kejeli kwamba uwezo wa kutoka unao, miguu unayo, ulichokosa ni ruhusa. Siku hizi ubishi huo umepoa. Waingereza na Wamarekani wenyewe huomba ruhusa kwa "can" kutwa nzima. Geoffrey Leech, mwanaisimu wa Lancaster, alilinganisha makusanyo ya maandishi ya 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 akakuta vitenzi hivi kwa jumla vinapungua, na "may", "must" na "shall" ni miongoni mwa vilivyopungua sana. Mwanafunzi anayetaka kusikika wa kawaida dukani atumie "can". Anayeandika kwa wakili abaki na "may".

4. "Can" ilianza kama kujua

Asili ya "can" katika Kiingereza cha kale ni kitenzi cha kujua, na sisi bado tunaishi katika maana hiyo. "Can you swim?" kwa Kiswahili kizuri ni "Unajua kuogelea?" Tukisema "Unaweza kuogelea?" tumeuliza jambo jingine: leo hujambo, jeraha limepona, bahari imetulia? "Can you drive?" ikiulizwa kwenye usaili wa kazi ni "unajua", ikiulizwa saa nane za usiku baada ya harusi ni "unaweza". Kiingereza hakitofautishi, kwa hiyo mkalimani ndiye anayepaswa kutofautisha.

Upande wa pili wa safari hii uko kwenye barua za kuomba kazi. "Niliweza kumaliza mradi kabla ya wakati" huandikwa na wengi "I could finish the project before time", na meneja anayesoma anaelewa kwamba mwombaji angeweza kuumaliza, na pengine hakuumaliza. "Could" ya wakati uliopita husimulia uwezo wa jumla: "She could read at four." Kwa tendo moja lililofanikiwa Kiingereza hutaka "was able to" au "managed to". Ajabu ni kwamba ukikanusha, kikwazo hicho huondoka: "I could not finish" ni sahihi kabisa. Mwombaji anayefahamu nusu ya sheria hii huishia na barua ambayo kushindwa kwake kumeelezwa kwa ufasaha na mafanikio yake yametiwa shaka.

(Ile "l" ya "could" haitamkwi na haina haki ya kuwapo. Iliingizwa na waandishi walioona "would" na "should" zinayo. Mwanafunzi anayekosea tahajia yake ana hoja.)

5. Ukisikia "would", itafute "kama" iliyofichwa

Kwenye kikao cha mradi wa maji, mgeni alisema, "We would be happy to support a second borehole." Mjumbe mmoja aliyesoma Kiingereza kidogo akamnong'oneza jirani yake kuwa kisima cha pili kimekubaliwa, na kabla sijafungua mdomo vigelegele vilikuwa vimeanza nyuma. Nikatafsiri: "Tungefurahi kusaidia kisima cha pili." Kisha nikamgeukia mgeni nikamuuliza kwa Kiingereza: mngefurahi, kama nini? Akasema, bila kusita, kama halmashauri itanunua pampu. Sharti hilo lilikuwamo ndani ya "would" tangu mwanzo, hakuna aliyelidai.

Kiswahili kinalionyesha vizuri. Ukimwambia Mswahili "ningekuja", atasubiri nusu ya pili ya sentensi. -nge- haisimami peke yake bila kumfanya msikilizaji aulize, lakini tafsiri za haraka huigeuza kuwa -ta-, na "tungefurahi" ikawa "tutafurahi". Tofauti ya silabi moja, na katika silabi hiyo mna pampu nzima.

Ziko njia zetu ambazo hazivuki mpaka. Sisi huweka -nge- pande zote mbili: "Ningekuwa na pesa ningenunua." Mwanafunzi akizifuata kwa Kiingereza ataandika "If I would have money I would buy it", na kila Mwingereza atajua kwamba yuko mbele ya mgeni. Upande wa "if" Kiingereza huvaa wakati uliopita wa kawaida: "If I had money".

6. Wakati uliopita ni vazi la adabu, na adabu si udhaifu

"Could", "would", "might" na "should" kwa asili ni maumbo ya wakati uliopita ya "can", "will", "may" na "shall". Mara nyingi wakati umekwisha kuzitoka, umbali umebaki. "Can you help me?" na "Could you help me?" zote zinaomba msaada wa sasa, ya pili inasimama hatua moja nyuma, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Sisi adabu hiyo tunaiweka kwenye "naomba" na kwenye irabu -e ya mwisho: "Naomba maji," "Nisaidie, mama." Aliyezoea hizo akihamia Kiingereza huangukia "Give me water", na anasikika mkali wakati moyoni hana ukali wowote.

Kurudi nako kuna ajali zake. Siku hizi mijini utasikia "Naweza kupata chai?", tafsiri ya moja kwa moja ya "Can I have". Nilimsikia mhudumu wa mgahawa akijibu, "Ukilipa utapata." Mimi niko upande wa mhudumu.

Hatari kubwa iko kazini. "You might want to look at the figures on page four." Kwa ngazi ya ubaoni huu ni ushauri dhaifu kuliko wote. Kwa kweli bosi amekuambia ukurasa wa nne una makosa, yarekebishe leo. Kinyume chake, "You must come to dinner some time" ina "must" ya kipandio cha juu na haina uzito wowote. Bila tarehe, ni namna ya kuaga, kama ile "karibu sana nyumbani" yetu isiyofuatwa na maelekezo ya kufika. Na "You'd better sign today", inayofanana na "afadhali usaini leo", ina kitisho ndani yake. Nikiitafsiri kikaoni huweka "la sivyo" mwishoni na kuacha nafasi, ili kila mtu asikie kuna kitu hakikusemwa.

7. "Shall" ni deni

Wanafunzi huniuliza kama "shall" imekufa. Katika mazungumzo imebaki hasa kwenye maswali: "Shall I open the window?", yaani "Nifungue dirisha?" "Shall we go?", "Twende?" Hapo ni laini na ya kupendeza. Ikivuka na kuingia ofisi ya wakili hugeuka kabisa.

Asili yake ni kitenzi cha kudaiwa, na mimi hukumbuka hilo kila ninapoikuta kwenye mkataba wa pango: "The Tenant shall pay" maana yake mpangaji anadaiwa kulipa. Mwaka 1653 John Wallis alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, kwa Kilatini, chenye kanuni kwamba nafsi ya kwanza hutumia "shall" kutabiri na "will" kuahidi, na nafsi nyingine kinyume chake. Kanuni hiyo ilitesa vizazi vya wanafunzi. Ikazaa na mzaha wa mtu aliyekuwa akizama akapiga kelele "I will drown, no one shall save me!", na Waingereza waliosimama ukingoni, kwa kuheshimu sarufi, wakamwacha, kwa sababu alikuwa ametangaza nia ya kuzama na kupiga marufuku uokoaji.

Katika sheria hakuna mzaha. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" ikitoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na "shall" ikitoa jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Ungedhani yamekwisha. Nenda Kenya. Katiba ya 2010, ibara za 27(8) na 81(b), inatumia "shall" kusema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili watu wa jinsia moja. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kuhusu swali hili: je, kanuni hiyo inabana uchaguzi wa Machi 2013? Majaji wengi walisema itekelezwe hatua kwa hatua, na sheria ya kuitekeleza iwepo kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake ilipaswa kuanza mara moja. Tarehe ilipita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Kwa hiyo "shall" inasema lazima, lini, haisemi.

Ndiyo maana waandishi wa sheria katika nchi kadhaa wameanza kuikimbia. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 hutumia "must" pale ambapo katiba ya mpito ya 1993 ilitumia "shall". Miongozo ya lugha nyepesi ya serikali ya Marekani nayo hupendekeza "must".

Kwetu jambo hili ni la leo, si la makumbusho. Tangu marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, "shall" nyingi zinageuzwa, na desturi ni kuzipa -ta-: "Waziri atateua wajumbe." Wanasheria wanaisoma kama amri. Mwananchi anaisoma kama habari: aha, Waziri atateua, tungoje. Kwenye sheria za nchi siwezi kupingana na desturi iliyokomaa. Kwenye mikataba ya watu wa kawaida naikwepa; naandika "mwenye nyumba ana wajibu wa kukarabati paa", na hakuna anayengoja.

8. "Should" ndiyo waliyobadilisha dakika ya mwisho

Mwenye kudhani tofauti hizi ni za walimu tu akumbuke Paris. Jioni ya tarehe 12 Desemba 2015, rasimu ya mwisho ya Mkataba wa Paris wa tabianchi ilikutwa na "shall" katika ibara ya 4, aya ya 4, pale panapozungumzia nchi tajiri kuongoza kwa kujiwekea malengo ya kupunguza hewa chafu kwa uchumi mzima. Wamarekani walishtuka. Kwa "shall" malengo hayo yangekuwa wajibu wa kisheria, na serikali ya Obama ingelazimika kuupeleka mkataba kwenye Seneti, ambako haukuwa na matumaini. Kikao kikachelewa, watu wakanong'onezana, kisha sekretarieti ikasoma orodha ya marekebisho madogo ya kiuandishi, na miongoni mwake "shall" ikawa "should". Laurent Fabius, mwenyekiti wa kikao, akagonga nyundo. Mjumbe ambaye angetafsiri maneno hayo mawili kwa "zinapaswa" asingeona kilichotokea.

Wahandisi wa mitandao walitatua tatizo lao mapema zaidi. Machi 1997 Scott Bradner wa Harvard aliandika waraka mfupi, RFC 2119, unaoeleza kwamba katika kanuni za intaneti MUST ni sharti lisilo na njia ya kando, SHOULD ni jambo la kufanywa isipokuwa una sababu nzito na umepima matokeo, na MAY ni hiari kamili. Hiyo tafsiri ya "should" naipenda kuliko ya kamusi zote. Ukiikuta katika mwongozo, usiandike "ni vizuri". Mtu aliyeandika "should" anategemea ufanye, na usipofanya ataomba sababu.

Ina uso wa kukisia pia, "The bus should be here by two", yaani ratiba ndivyo inavyosema. Lakini anayepanda mabasi anajua tofauti ya ratiba na basi.

9. "Have" ikifuata, mambo yamekwisha kuharibika

Hapa sitakawia. "You should have told me" ni lawama. "You could have told me" ni lawama yenye kuumia zaidi, na mara nyingi ni ya mke au rafiki. "You must have told me" ni mtu anayekubali kusahau. Kiswahili hutoa mbili za kwanza kwa "ungeniambia" na kuacha sauti ifanye kazi iliyobaki. Ya tatu ni "utakuwa uliniambia". Kwenye ripoti za ajali zitafsiri polepole. "The driver could have stopped" si "the driver might have stopped". Ya kwanza inasema nafasi ya kusimama ilikuwapo. Ya pili huenda inasema alisimama na hatuna hakika.

10. Utata mwingine umewekwa makusudi

Katika mkataba wa ruzuku nilikuta: "The Funder may review the amount every year." Ni haki ya mfadhili kupitia upya kiasi hicho, au ni tahadhari kwamba huenda akakipitia? Na kupitia ni kuongeza au kupunguza? Nilimpigia simu wakili wa upande wa wafadhili. Alicheka, kicheko kizuri tu, akasema neno hilo halikuponyoka. Waliliweka kwa sababu linabeba yote.

Hapo mfasiri hana ruhusa ya kuwa mwerevu. Nikiandika "ana haki ya", nimewapa wafadhili zaidi ya walichoandika. Nikiandika "huenda", nimekificha kijiji ile haki inayoweza kuwamo. Nikaweka "anaweza kupitia upya", kwa kuwa "kuweza" kwetu kuna utata ule ule, na pembeni nikaandika kwa penseli kwamba maneno haya yanafunguka kila upande. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, alisoma penseli yangu kabla ya kusoma mkataba. Kikao kilichofuata walidai nyongeza moja, na wafadhili wakaikubali bila ubishi: baada ya kuiarifu kamati kwa maandishi, siku 90 kabla.